Eti lazima tuchague: uchumi ukue au pengo la kipato lipungue?

Wakuu, kila tukiongelea kodi kuna mtu anakuja na ile hoja ya keki ikue kwanza tutagawana baadae, yaani ukitaka tija lazima ukubali wachache watajirike sana na wengine wasubiri. Mimi siikubali, tubishane kwa hoja.

Arthur Okun, mchumi Mmarekani, 1975 alisema kuhamisha hela toka kwa tajiri kwenda kwa maskini ni kubeba maji kwa ndoo inayovuja, yaani nyingine inapotea njiani (na yeye mwenyewe hakukataa yabebwe). Sawa, inavuja. Ila inavuja kiasi gani inategemea unaibebaje.

Cheki Denmark. Kodi kule nzito kwelikweli, Gini yao (kipimo cha pengo la kipato) ni kama 28 hivi, ambapo 0 ni wote sawa na 100 ni mmoja kabeba vyote, na bado anachozalisha mfanyakazi kwa saa moja ni kati ya vikubwa duniani. Mwajiri anapunguza watu bila shida sana, hata kima cha chini cha mshahara hakipo kwenye sheria, vyama vya wafanyakazi na waajiri wanakubaliana wenyewe, lakini ukipoteza kazi mfuko wa bima unaweza kukulipa mpaka miaka 2 na unasomeshwa ujuzi mwingine. Kwahiyo kiwanda kilichochoka kinafungwa na watu hawapagawi, maana wanalinda mtu sio kazi. Hapo usawa ndo unaoleta ufanisi!

Afrika Kusini sasa, Gini 63 kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2014. Kama pengo linakuza uchumi wangekuwa mbali, ila kwa muda mrefu sasa ukuaji wao unasuasua. Vipaji vinavyoozea mtaani kwa kukosa shule nzuri ni maji yaliyomwagika pia, mbona hayo hamyahesabu?

Najua mtaniletea Wasovieti. Kweli, mishahara haikupishana sana na madukani bidhaa zilikuwa za kutafuta, huo usawa siutetei. Na China baada ya 1978 pengo lilipanuka huku mamilioni wakitoka kwenye umaskini, hiyo ni hoja nzito, lakini mageuzi yalianzia vijijini kwa kugawia kaya mashamba karibu sawasawa ndo mavuno yakapanda. Korea Kusini na Taiwan nazo ziligawa ardhi miaka ya 1950 kabla ya viwanda vyao.

Sasa nyie wa keki kwanza, nitajieni nchi iliyosubiri ikue halafu wenye nacho wakagawa kwa hiari yao, bila kusukumwa na wapiga kura wala vyama vya wafanyakazi.