Gharama ya kutengeneza loki ya umeme ya mlango wa dereva, Toyota IST

Mkazi_wa_Tabata:
Wakuu, salaam. Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 ambayo mlango wake wa dereva umeacha kuitikia rimoti. Milango mingine inajifunga na kujifungua kama kawaida, lakini huo hutoa mlio hafifu tu na loki haisogei, hivyo ninalazimika kutumia ufunguo. Gereji ya kwanza ilisema mfumo mzima umechoka na kwamba nifungiwe seti ya mota nne kwa shilingi 280,000 pamoja na ufundi; ya pili ikasema ni loki moja tu, shilingi 110,000; na fundi umeme wa mtaani alitaja 35,000 bila hata kufungua mlango. Je, gharama halali ni ipi, na nitajuaje kinachohitaji kubadilishwa?

Fundi_Nyaya:
Mkuu, kama milango mingine inaitikia, basi rimoti na fyuzi ni nzima, na hakuna sababu ya kuigusa milango hiyo. Linalobaki ni kujua kama umeme unafika kwenye mota ya mlango wa dereva au haufiki. Fundi afungue bodi ya ndani ya mlango, achomoe soketi ya loki, kisha aweke taa ya kupimia ya volti 12 kati ya nyaya mbili za mota huku mtu mwingine akibonyeza rimoti. Taa ni bora kuliko mita ya kidijitali, kwa sababu umeme huo huja kwa kitambo kifupi sana na namba za mita haziwahi kutulia.

Taa ikimulika wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, mota ndiyo mbovu. Isipomulika, zikaguliwe nyaya zilizo ndani ya mpira kati ya mlango na bodi ya gari: mlango wa dereva hufunguliwa kuliko mingine yote, na nyaya hukunjwa palepale kwa miaka mingi hadi shaba inakatika huku gamba la nje likionekana zima. Kuunga waya hakuhitaji spea yoyote, na huenda ndicho alichokikisia yule wa 35,000. Hata hivyo, kwa kuwa unausikia mlio, naelekea kuamini kwamba umeme unafika na mota imechoka.

Bi_Premio:
Naongezea upande wa bei. Loki ya mtumba ya mlango wa dereva, ikiwa na mota yake ndani, niliinunua Ilala kwa 55,000 na ufundi ukawa 20,000, kwa hiyo hiyo 110,000 si ya ajabu ingawa inajadilika. Taja wazi kwamba unataka ya mbele kulia, kwa maana ya kushoto haitaingia, na usilipe kabla muuzaji hajaijaribu kwa betri mbele yako mara kadhaa mfululizo. Loki hiyo imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako, na mota iliyochoka huweza kuitikia mara ya kwanza kisha ikagoma.

Kijana_wa_Gerezani:
Kwa heshima, dada, mimi nisingenunua loki nzima. Ndani yake mna mota ndogo, ambayo katika loki nyingi za Toyota ni ya aina ya FC-280, na mara nyingi kinacholika ni brashi zake za kaboni tu. Mota hiyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana. Ugumu uko katika kuipasua kasha ya loki bila kuivunja, kwa hiyo kazi hii apewe fundi aliyewahi kuifanya, naye ahakikishe kwamba urefu na umbo la mhimili vinalingana na wa zamani.

Ile seti ya mota nne imekusudiwa magari yasiyokuja na loki za umeme kutoka kiwandani. Kwenye IST watatoboa mabati ya milango na kupitisha nyaya nyingine pembeni ya zile za awali, kisha utakapopatwa na hitilafu hakuna fundi atakayeelewa ni mfumo upi unaofanya kazi. Zaidi ya hayo, hakikisheni nailoni iliyo nyuma ya bodi ya mlango inarudishwa na kubandikwa upya. Mafundi wengi huitupa, na maji ya mvua huanza kuingia ndani ya gari.

Mkazi_wa_Tabata:
Nawashukuru sana. Taa imemulika wakati wa kufunga na wa kufungua, kwa hiyo ni mota. Nimechukua loki ya mtumba kwa sababu gari ninalihitaji kila siku, na jumla imefika 80,000 pamoja na ufundi. Loki ya zamani nimeidai na kuondoka nayo. Kijana wa Gerezani, ukiwa na fundi unayemwamini wa kuifungua na kubadilisha mota, niandikie faragha, maana mlango wa nyuma kushoto nao umeanza kusitasita.