Naomba ushauri: mafuta kwenye uji wa mtoto

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi 4, anatembea vizuri ila mapaja membamba mno. Kliniki wameniambia niongeze kijiko cha mafuta au karanga za kusaga kwenye uji. Eti gramu 1 ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4, kwa hiyo protini ya dagaa na maharage inabaki kujenga misuli badala ya kutumika kumpa nguvu. Mama mkwe hataki hata kusikia, anasema ataharisha (uji wa karanga zikizidi anautema, hilo kweli). Nina alizeti, mawese na parachichi. Nyie mlianza na kipi, na kiasi gani kwa bakuli?