Mtoto wa miaka 13, damu siku ya 12, kapewa vidonge vya majira. Nimpe?

Shangazi wa Mpondwe
Jamani, nauza vitenge hapa mpakani Mpondwe na namlea binti wa kaka yangu. Amevunja ungo mwaka huu. Mara hii hedhi imefika siku ya 12 na haikati. Jana kabadilisha pedi nane, usiku kaloanisha shuka, na leo akisimama anaona giza. Kliniki moja hawakumpima chochote, wakampa vidonge vya majira. Nimevificha kabatini. Vidonge vya wake za watu kwa mtoto! Si vitamfunga kizazi? Mama mkwe anasema ni kijicho, maana tangu mdogo huyu pua humtoka damu ovyo.

Mkunga Kasese
Pole dada. Kama anaona giza, usingoje sisi. Leo hii mpeleke hospitali, au kituo cha afya cha daraja la nne.

Watampima mimba kwanza. Usiudhike, tunampima kila msichana anayetokwa damu hivi, hata mtoto wa shehe. Ukiambiwa utoke ili aulizwe peke yake, toka. Kisha wapime wingi wa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kumchungulia ukeni si lazima, picha hupigwa juu ya tumbo.

Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi huyumba kwa kuwa yai halipevuki kila mwezi. Bila yai, projesteroni, homoni inayoutuliza utando wa kizazi, haipo. Utando huo unanenepa tu, halafu unamomonyoka hovyo. Vidonge vile vinautuliza, na havifungi kizazi. Kosa la kliniki ni kuvitoa bila kupima wala kuuliza kama ana kipandauso cha kuona vimulimuli, au kama kuna ndugu aliyewahi kuganda damu mguuni.

Ila mimi hiyo pua ndiyo imenishtua. Damu ya fizi je? Akikatwa inachelewa kukata? Kuna ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, von Willebrand, ambao kwa wasichana wengi hujitokeza hedhi zinapoanza. Mtajie daktari. Na aspirini asiguse.

Baba Watatu
Binti yangu walimpa asidi ya traneksamiki, dawa ya kukata damu, ikakata. Madini ya chuma kameza miezi mitatu. Msimmezeshe na chai, chai huzuia chuma.

Shangazi wa Mpondwe
Tumerudi, alilazwa siku mbili. Mimba hakuna. Wingi wa damu ulikuwa 7.4, pungufu, wamemwongezea chupa moja. Chembe sahani ziko sawa, kwa hiyo wametuandikia barua ya kwenda Kampala kwa kipimo cha kuganda. Vidonge nimevitoa kabatini mwenyewe, daktari kamwandikia namna ya kuvimeza.

Mkunga, yule daktari aliniuliza habari za ukoo nikacheka. Marehemu mama yetu siku zake za hedhi alikuwa akijifunga kitenge juu ya kitenge. Na mimi niling'oa jino Bwera nikatema damu hadi kesho yake. Kasema na mimi nipande basi hilohilo la Kampala.