Mjadala: Nani aliulizwa kabla ya majeshi ya Kenya (KDF) kuvuka mpaka kuingia Somalia mwaka 2011?

Kila shambulio la jengo la maduka la Westgate linapotajwa hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema Kenya haikuwa na budi kuingia Somalia. Sikubaliani naye, lakini hoja yake ina uzito. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, huko Lamu, kisha wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, wakachukuliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Utalii wa Lamu ukaporomoka. Tena mabomu yalishalipuka Nairobi 1998 na Kikambala, huko Pwani, 2002, wakati hatukuwa tukipigana Somalia. Anayedai kwamba tungekaa kwetu tusingeguswa hana ushahidi.

Ninachopinga ni namna tulivyoingizwa vitani. Jumamosi, Oktoba 15, mawaziri George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Yusuf Haji wa Ulinzi walitangaza kwamba al-Shabaab, wapiganaji wenye silaha wa Somalia, watafuatwa huko huko waliko. Kesho yake majeshi yetu yakavuka mpaka, katika Operesheni Linda Nchi. Katiba tuliyoipitisha mwaka mmoja tu kabla, Ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge majeshi yanapopelekwa nje ya nchi. Bunge lilikuja kupiga kura baadaye, suala likiwa kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, askari wetu wakiwa wameshakwama kwenye matope ya mvua kusini mwa Somalia. Mbunge gani angesimama wakati huo aseme warudi?

Basi hakuna aliyebanwa ajibu hadharani: tunataka kufika wapi, na tutatoka lini? Mji wa bandari wa Kismayu, ngome ya al-Shabaab, ulitwaliwa 2012, wengi tukadhani kazi imekwisha. Septemba 2013 watu 67 wakauawa Westgate, na al-Shabaab wakasema wazi kwamba wanalipiza kwa sababu ya majeshi yetu. Aprili 2015 wakauawa 148 Garissa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Kati ya hayo mawili, Aprili 2014, polisi wakaingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na maelfu ya watu wakazuiliwa, wengi katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye asili ya Kisomali wenye vitambulisho mkononi. Hao nao walilipia uamuzi ambao hawakuulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni El Adde, Januari 2016. Kambi nzima ya askari wetu huko Somalia ilivamiwa na al-Shabaab, na mpaka leo serikali haijatoa hesabu rasmi ya askari waliokufa. Mzazi amemtoa mwanawe kwa nchi, amemzika, na nchi hiyo haitaki hata kusema walikuwa wangapi.

Najua nitajibiwa kwamba vita havijadiliwi hadharani, adui atasikia. Lakini mawaziri walitangaza mbele ya waandishi wa habari! Siri gani tena iliyobaki, isipokuwa kwa wabunge? Na likiwepo la kufichwa kweli, Katiba inaruhusu Bunge kukaa faragha kukiwa na sababu nzito.

Majeshi yetu bado yako Somalia, sasa chini ya AUSSOM, kikosi kipya cha Umoja wa Afrika kilichoanza Januari 2025. Napendekeza Bunge lipige kura kila mwaka kama yabaki au yarudi, na kabla ya kura idadi ya waliokufa isomwe bungeni. Wewe unayetaka rais aachiwe mkono huru, hebu nijibu: vita hivi vitaishaje, na ni nani mwenye wajibu wa kutuambia?