Trekta dogo la bustani: giaboksi ya oili inapata moto na kukosa nguvu kilimani

Kijana wa Mtambwe

Assalaam alaykum jamaa. Nina trekta dogo la kukatia majani, ami yangu alilipakia kwenye kontena kutoka Uingereza. Halina gia za kubadilisha kwa mkono. Ni pedali tu, mbele na nyuma, na giaboksi yake inaendeshwa kwa oili, hii wanayoiita haidrostatiki. Nikikata uwanja wa mpira wa skuli hapa kwetu, tambarare, halina neno.

Taabu ni msimu wa karafuu. Nafunga tela, napakia magunia ya karafuu mbichi bondeni, napandisha mpaka kwenye majamvi. Anayeijua Pemba anavijua vilima vyetu. Asubuhi linapanda bila shida. Jua likishakuwa kali mlio wa nyuma unabadilika, linapiga kama filimbi, nimekanyaga pedali mpaka chini na magurudumu yanasita. Injini inanguruma vile vile. Nikiliweka chini ya mwembe likapoa, nguvu zinarudi.

Mkanda ni mpya. Fundi mmoja hapa kaniambia boksi imekufa, nitafute nyengine. Na karafuu mbichi hazingoji: zikilala ndani ya gunia zinapata joto, zinakauka zimepauka na bei inaanguka. Naombeni msaada kabla sijampigia ami.

Bustani Kiwengwa

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Kabla ya yote zima injini, ingia chini uitizame feni. Juu ya giaboksi, pale penye puli, pana feni ya plastiki inayopuliza upepo kwenye boksi. Mimi natunza bustani ya hoteli, kwetu majani ya mvinje na mchanga hujibana pale chini ya kiti mpaka boksi haionekani. Huwezi kuyaona ukiwa umesimama. Mimi nayatoa kwa brashi ngumu na kijiti kila wiki.

Dereva Chake

Mwaga oili iliyomo, tia ya gia namba 90, ile nzito. Na likichemka mwagia maji ya baridi juu ya boksi uendelee na kazi. Mbona jambo dogo.

Fundi Mwanakwerekwe

Kijana, usinunue boksi bado. Umesema jambo moja lenye uzito kuliko yote: likipoa, nguvu zinarudi. Boksi iliyokwisha kabisa haina nguvu hata asubuhi. Yako inavuja kwa ndani ikishapata moto, na nataka uelewe kwa nini, ili mtu asikuuzie usichohitaji.

Ndani mna pampu na mota. Pampu ina pistoni ndogo ndogo zilizopangwa duara, zinasukumwa na sahani inayoweza kuinama. Pedali yako ndiyo inayoiinamisha. Ikiwa haijainama, pistoni haziendi mbele wala nyuma na trekta limesimama. Ikizidi kuinama, oili nyingi zaidi inakwenda kwenye mota na magurudumu yanaongeza mwendo. Baina ya pistoni na tundu lake hamna mpira wa kuzuia. Kinachozuia ni utando mwembamba wa oili yenyewe. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni badala ya kusukuma mota, na kule kupenya kwa presha kunazaa moto zaidi. Ndiyo maana ikishaanza haisimami mpaka uzime. Oili ikizidi nyuzi 80 hivi huanza kuchakaa upesi. Huna kipimo? Dondosha tone moja la maji juu ya boksi. Likichemka papo hapo umeshapita 100, zima injini.

Tone moja, ndugu yangu wa Chake, si ndoo. Boksi ya moto ikipoa ghafla hewa iliyomo inasinyaa, na pale penye kipumulio inavuta maji ndani. Oili inageuka rangi ya maziwa na hapo ndipo boksi inapokufa kweli. Na hiyo 90, vipimo vya oili ya gia si vile vya oili ya injini. 90 ya gia na 50 ya injini uzito wao unakaribiana, kwa hiyo huo uzito unaoutafuta huupati. Unaongeza tu dawa za kulinda meno ya gia, ambazo boksi hii haikutengenezewa. Nyingi za aina hii zinatumia oili ya injini, 20W-50 au 10W-30, kwa mujibu wa kitabu cha trekta lenyewe. Kitafute hicho kitabu.

Feni keshakueleza dada wa Kiwengwa, na kasema kweli. Kagua pia fimbo ya kuachia, ile ya nyuma unayoivuta ukitaka kulisukuma trekta kwa mkono. Isiporudi yote, valvu inabaki wazi kidogo na oili inazunguka bure. Kisha, likiwa tambarare, injini imezimwa, tela limefunguliwa na fimbo imevutwa, achia breki ulisukume. Likigoma kabisa, breki inabana.

Sasa hapa soma mara mbili. Kilimani usikanyage pedali mpaka chini. Presha ya oili inaamuliwa na mzigo na mwinuko. Mguu wako unaamua mwendo tu. Ukikanyaga yote unaitaka injini ipandishe mzigo ule ule kwa kasi zaidi, inalemewa, mizunguko inashuka, na feni inashuka nayo kwa sababu inazungushwa na mkanda huo huo. Yaani unapunguza upepo wakati boksi inauhitaji khasa. Weka resi juu, pedali chini ya nusu, panda pole pole. Ukisikia linasita, punguza mguu.

Kijana wa Mtambwe

Shikamoo fundi, na dada ahsante sana. Nimeingia chini. Feni imebaki nusu ya mapanga, na nyuzi za makumbi zimejisokota kwenye puli. Mbavu za boksi zimejaa udongo mwekundu uliogandana na majani, nimeuchokoa kwa bisibisi. Ile fimbo ya nyuma waya wake umepinda, ilikuwa hairudi mpaka mwisho; nimeunyoosha. Breki haibani.

Nimepandisha kwa resi juu na pedali kidogo. Wallahi tofauti ni kubwa, ile filimbi imeondoka na nimefika juu bila kusimama. Ila adhuhuri, gunia zikiwa nyingi, bado linachoka kidogo. Je, nibadilishe oili?

Fundi Mwanakwerekwe

Marahaba mwanangu. Badilisha, lakini msimu ukitulia, maana baadhi ya boksi hizi hazina nati ya kumwagia, inabidi zishushwe na kupinduliwa. Ukipata nafasi ya kuiona sumaku iliyo ndani, itizame vizuri. Ukikuta tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa, nitafute, hapo tutazungumza habari ya bloku, kile chuma chenye matundu ya pistoni.

Ukishajaza oili mpya toa hewa, wengi hawafanyi hivi. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma kwa jeki na uegemeze kwenye magogo imara. Vuta fimbo ya kuachia, injini iende taratibu, peleka pedali mbele na nyuma mara 5 au 6. Rudisha fimbo, fanya tena vile vile, kisha tizama kiwango cha oili.

Mpaka hapo gawa mzigo. Boksi hizi zimetengenezwa kwa kukata majani na kuvuta tela jepesi, na kilima cha Mtambwe na gunia mbichi ni kazi nzito kwake hata ikiwa mpya. Safari zikiongezeka, mzigo wa kila moja ukipungua, itakufikisha mwisho wa msimu.

Feni usiiache hivyo. Nipimie upana wake na tundu la katikati, niulizie Darajani, na ikikosekana nitamwagiza mtu Kariakoo. Tizama na puli inazunguka upande gani ukiwa juu yake, kwa sababu ziko za kulia na za kushoto, na ukifunga isiyo yake upepo unakwenda juu badala ya kwenye boksi.