Damu ya matende: kwa nini ichukuliwe usiku?

Mchinga_Kwetu: Wakuu, mtu akishukiwa minyoo ya matende na mabusha huku Lindi, kwa nini aambiwe arudi saa 4 usiku kutolewa damu? Na mvuvi wa dagaa anayelala mchana je?

Hadubini: Vijiminyoo, yaani mikrofilaria (watoto wa minyoo hiyo), mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku ndipo hutoka kwenye damu ya pembeni, karibu na ngozi, mbu wanaowasambaza nao wakiwa kazini. Chukua kati ya saa 4 na saa 8 usiku: toboa kidole, maikrolita 60, paka mistari 3 kwenye kioo cha hadubini. Kioo kilale bapa kikauke chenyewe. Ukikipasha moto, hemoglobini (wekundu wa damu) hugandia humo na Giemsa, rangi ya kuonyesha vijiminyoo, haishiki vizuri. Kifunike pia, maana mende wanakula damu yote ukabaki na kioo kitupu.

Nahodha: Mvuvi ni habari nyingine. Vijiminyoo hufuata usingizi wa mwenye mwili, si saa ya ukutani. Aliyezoea kulala mchana kwa wiki kadhaa, mzunguko wao hugeuka naye. Muulize kwanza analala saa ngapi. Siku za mbalamwezi karabai hazivuti dagaa, analala usiku kama sisi, basi ratiba yake ni vurugu tupu.

Hadubini: Kwa huyo tumia kipimo cha haraka cha antijeni, mchana au usiku sawa, maana kinatafuta dalili za mnyoo aliyekomaa kwenye damu, si vijiminyoo. Maikrolita 75, soma dakika ya 10 kamili. Ukichelewa, mstari wa uongo hujitokeza.

Mchinga_Kwetu: Na vidonge?

Hadubini: Ivamektini na albendazoli, dawa za kampeni ya kugawia watu, hutolewa mchana, hakuna haja ya kusubiri usiku.