Naomba ushauri: pumu ya ngozi kwa mtoto

Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 4 ana pumu ya ngozi, ambayo daktari ametueleza kuwa haiambukizi, hutulia na kurudi, na huonekana zaidi katika familia zenye pumu ya kifua, kama yetu. Ngozi ya mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa nene na nyeusi, na usiku hujikuna hadi shuka linaingia madoa ya damu. Krimu ya haidrokotisoni humsaidia, ila mama mkwe anataka tumwachishe samaki na mayai, jambo nisiloliafiki bila vipimo. Mliolea mtoto wa namna hii, mnatumia sabuni gani isiyo na manukato, na joto hili la Dar es Salaam mnalikabili vipi, maana jasho ndilo linalomchokoza zaidi?